Je, Utulivu wa Moyo Hupimwa kwa Mashine?

Katika darasa yetu ya baina ya magharibi na isha tuliulizwa na kijana mmoja suali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo, tukamuomba atupe muda tulitazame. Kijana huyo amenunua utepe wa kufunga kipajini. Utepe huo hupima umeme wa ubongo, na kwa njia ya simu humwambia mwenye kuuvaa kama akili yake imetulia au yarandaranda. Suali lake lilikuwa hili: "Sheikh, jambo hili lafaa? Na mashine ikinambia kuwa nimetulia, je, hiyo ndiyo khushui?"

Watu wawili waliokuwapo walikimbilia kumjibu. Wa kwanza alisema kuwa hii ni ibada ya Mabudha, na kuigusa ni haramu. Wa pili alisema kuwa wataalamu wa Ulaya wamekwisha kuthibitisha kwa vyombo yale tunayoyafanya katika dhikri, kwa hivyo mashine na tasbihi ni mamoja. Sisi twaona wote wawili wamefanya haraka, na kuhukumu jambo kabla ya kulijua ndiyo maradhi yetu ya zamani.

Basi kwanza na tulijue jambo lenyewe. Mwaka 1924, katika mji wa Jena, tabibu wa Kijerumani aitwaye Hans Berger aliweza kuandikisha umeme wa ubongo wa mwanadamu, na mwaka 1929 akatangaza aliyoyaona. Mtu akifumba macho na kupumzika, hutokea mawimbi ya kiasi cha kumi kwa kila sekunde. Akifumbua macho, mawimbi hayo hupungua. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960, Joe Kamiya wa Marekani alionyesha kuwa watu waweza kufundishwa kuyatambua mawimbi hayo na kuyazidisha, ikiwa wataambiwa kila yanapotokea. Hapo ndipo ilipokulia elimu iitwayo nyurofidibeki, yaani ubongo kuwekewa kioo ujione na ujirekebishe.

Ama zoezi la kuhudhurisha akili, Jon Kabat-Zinn alilitia katika utabibu mwaka 1979, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts. Alilitoa katika mafunzo ya Mabudha, akaliacha bila ya ibada zao, akalifanya mafunzo ya wiki nane. Mgonjwa huketi akaitazama pumzi yake, na kila akili ikitoroka, huirudisha bila ya kujilaumu.

Kwa hivyo kauli ya yule wa kwanza haisimami. Kuketi kimya na kuitazama pumzi si kusujudia sanamu. Wazee wetu katika elimu waliuchukua utabibu wa Wayunani, nao walikuwa waabudu masanamu, wakachagua lenye manufaa na kuacha lisilofaa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, alitunga kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza kuwa hasira, hofu, huzuni na wasiwasi vina matibabu yake kama homa ilivyo na matibabu yake. Elimu hii basi si ngeni kwetu. Sisi ndio tuliojifanya wageni kwayo.

Na kauli ya yule wa pili pia haisimami. Mashine hupima umeme, haipimi maana. Tuchukue mfano. Mtu mmoja alikuwa na deni lililomnyima usingizi. Leo amelilipa, na moyo wake umetua. Mwingine amekula mirathi ya mayatima wa nduguye. Dhamiri ilimsumbua usiku na mchana, naye badala ya kurudisha mali, akajizoeza kuitazama pumzi yake mpaka usumbufu ukamtoka. Wote wawili wakivaa utepe ule, mashine huenda ikawapa sifa moja. Je, watu hawa ni sawa? Huyu wa pili amemziba mdomo mlinzi aliyekuwa akipiga kelele, na hali mwizi yungali ndani ya nyumba. Si kila utulivu ni uzima, wala si kila wasiwasi ni maradhi. Yako majuto ambayo ni rehema, na dawa yake si kuyatuliza bali ni kuyatii.

Tena wauzaji wa vyombo hivi husema zaidi ya yaliyothibiti. Mwaka 2021 yalitangazwa Marekani matokeo ya majaribio ya nyurofidibeki kwa watoto 144 wasioweza kutulia akili. Wengine walipewa mafunzo ya kweli na wengine ya kuiga tu, bila ya wao wala wazee wao kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti baina yao haikuonekana. Basi mzazi asiuze ng'ombe wala dhahabu kwa kuifuata ahadi ya muuzaji.

Walakini tusije tukakimbia shimo tukaangukia kisima. Miaka iliyopita alitujia mtu aliyekuwa halali wala hali. Tulimwambia azidishe nyiradi, na katika maneno yetu tukampa kuelewa kuwa dhiki yake ni upungufu wa imani. Alifanya kama tulivyomwambia, na hali yake ikazidi kuwa mbaya, kwani juu ya huzuni sasa tulimpandisha na aibu. Jamaa zake ndio waliompeleka kwa tabibu, akapata nafuu. Twakiri kuwa tulikosea. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Ni nani atakayesema kuwa imani yao ilipungua?

Linalotupasa basi ni kuuliza kwanza: ni lipi lililoutikisa moyo huu? Ikiwa ni dhuluma, irudishwe. Ikiwa ni deni, lilipwe au asaidiwe mwenye nalo. Ikiwa ni maradhi, aende kwa tabibu, si kwa mpunga pepo wala muuza hirizi. Na ikiwa ni kughafilika, dhikri ndiyo dawa.

Na wewe kijana wetu, jibu lako ni hili. Utepe wako ni chombo kama kipima homa. Kuutumia kwa mazoezi hatuoni ubaya. Lakini usiuite ibada, wala usiufanye hakimu wa sala yako. Zoezi lile humfunza mtu kuwapo. Khushui ni kuwapo mbele ya Mola wako ukijua kuwa yuakuona. Mwenye kusali akapotewa na akili mara ishirini, akairudisha mara ishirini, mashine itamwandika ameshindwa. Sisi twataraji kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu kila rejeo lina ujira wake.

Nasi maimamu tujihisabu. Tukisalisha tarawehe mbio kama wenye kufukuzwa, tusistaajabu vijana wetu wakienda kuununua utulivu dukani.

Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zenye kutua katika haki, na zenye kutikisika tunapoiacha. Amin.