Kuitambua Picha na Kuutambua Uongo

Iko furaha ya namna yake katika kutambua. Mtu aliyeona sinema nyingi hutazama tamthilia ya televisheni juu ya chama cha siri, na mara watu wa kisiwa wanapoizunguka sanamu inayowaka, hujua ya kuwa picha hiyo ni mtoto wa The Wicker Man, sinema ya Uingereza ya mwaka 1973, ambamo polisi huchomwa moto ili miti izae tena. Mume akimtoa mkewe kafara apate mali, hujua ya kuwa ameonana tena na Living in Bondage, filamu ya Nigeria ya mwaka 1992. Furaha hii haina dhambi. Lililo gumu ni kama ina kazi yoyote nje ya chumba cha mtazamaji, na jambo hilo hupimwa vizuri Shinyanga na Geita.

Mchimbaji mdogo hana chombo cha kumwonyesha mkondo wa dhahabu unapita wapi ndani ya mwamba. Maduara mawili huchimbwa jirani kwa jasho sawa. Moja hutajirisha, la pili hufilisi. Pengo hilo la maelezo ndilo duka la mganga. Mwaka 2010 wachunguzi Bryceson, Jønsson na Sherrington walieleza jinsi kiu ya bahati machimboni ilivyofungamana na dawa zilizotengenezwa kwa viungo vya watu wenye ualbino. Mwaka uliotangulia, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo siku hizo ilikuwa ya Shinyanga na tangu mwaka 2012 ni ya Geita. Watoto wengine walikimbiziwa Buhangija, mjini Shinyanga, wakalelewa shuleni mbali na mama zao.

Kuzitwika filamu lawama yote kungekuwa dhuluma. Vikongwe wa Usukuma waliuawa kwa wekundu wa macho, ambao aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni, kabla kanda ya video haijafika kijijini. Hata hivyo Living in Bondage yafaa kuangaliwa kwa makini. Andy amtoa mkewe Merit, utajiri ukaja. Kisha mzuka wa marehemu ukamwandama hata akaingiwa na wazimu. Msimulizi alilaani tendo hilo, lakini katika kulaani alikwisha kukiri jambo kubwa: dawa ilifanya kazi. Adhabu ilikuja baada ya malipo. Kijana aliye ndani ya duara aweza kuipokea nusu ya kwanza kama habari, na nusu ya pili kama mahubiri tu.

Hapo ndipo kutambua kunapopata kazi. Anayejua ya kuwa kafara hiyo imepita filamu hata filamu, ikarudi tena katika Living in Bondage: Breaking Free ya mwaka 2019, amejua pia ya kuwa kurudiwa si ushahidi. Mashahidi kumi walionakili maneno ya mmoja ni shahidi mmoja.

Itasemwa kwamba elimu hii ni ya wasomi, nayo haifiki machimboni. Lakini vibanda vya video vya Tanzania vilikuwa na wafasiri wao, na marehemu Lufufu alikuwa mashuhuri miongoni mwao, waliozigeuza filamu za kigeni kwa Kiswahili huku wakiongeza maelezo yao wenyewe. Mfasiri wa namna hiyo, akisema kwa sentensi moja kwamba fedha zile zilitoka mfukoni mwa mwenye filamu wala si chunguni mwa mganga, angefanya zaidi ya hotuba nyingi.

Hatari iko upande mwingine. Mjuzi akiisha kutaja asili ya picha hucheka, akaona shauri limekwisha. Mtazamaji mwenye ualbino aliyeketi naye benchi moja haoni sinema ya mwaka 1973 wala ya mwaka 1992. Huona watu wakipatana bei.