Je, Tendo Jema Lamtakasa Mwenye Nia Mbaya?

Neno moja lawasumbua wengi wamchao Mungu: mtu akitenda jambo lenye faida kwa Kanisa, lakini moyoni atafuta yaliyo yake mwenyewe, tumhesabu kuwa nini? Na tendo lake je, tulikatae? Tulipime neno hili kwa habari za Henry wa Nane, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1509 hata alipokufa mwaka 1547.

Mwaka 1521 mfalme huyu alitoa kitabu cha kumpinga Martin Luther, na Papa Leo wa Kumi akampa jina la Mtetezi wa Imani. Baadaye alitaka kumwacha Catherine mkewe, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume aliye hai kwake, tena moyo wake ulikuwa umemwelekea Anne Boleyn. Alisema dhamiri yake yamchoma. Papa hakukubali. Luther naye, alipoombwa shauri mwaka 1531, alijibu kwamba ndoa ile isivunjwe. Basi mwaka 1534 ikawekwa sheria ya kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza. Kisha nyumba za watawa zikafungwa, na mali zao zikaingia katika hazina ya mfalme.

Walakini mwaka 1538 iliamriwa kwamba kila kanisa liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, watu wapate kuisoma. Mlango ule haukufunguliwa kwa nia safi, lakini Neno la Mungu lilipita.

Wengine husema: kwa kuwa matunda ni mema, mfalme naye alikuwa mtengenezaji wa Kanisa. Wengine husema: kwa kuwa mfalme alikuwa mwovu, matengenezo yale yote ni maovu. Sisi twaona pande zote mbili zimekosa. Ndugu zake Yusufu walimwuza kwa husuda, na Mungu akaokoa watu wengi kwa njia hiyo. Wema ulikuwa wa Mungu. Hatia ilikuwa yao.

Twajuaje, basi, kwamba dhamiri ya mtu ni ya kweli? Tuangalie atendavyo kweli inapompinga. Tarehe 30 Julai 1540, huko Smithfield katika London, Robert Barnes, aliyekuwa amesoma Wittenberg, aliteketezwa motoni pamoja na wahubiri wenzake wawili. Siku ile ile makasisi watatu walioshika upande wa Papa waliuawa kwa kuukataa ukuu wa mfalme. Na mwaka 1543 sheria iliwakataza wanawake wa hali ya chini, na vibarua, na wakulima, wasiisome Biblia. Henry aliipenda kweli ilipomfungulia njia, si zaidi.

Ndugu walimu, tusimhukumu mfalme aliyekufa zamani na kujisahau wenyewe. Mtu akileta andiko mbele ya wazee siku ile tu linapomfaa katika shauri la shamba lake, asema dhamiri, kumbe ni tamaa. Tusilidharau andiko kwa ajili yake, wala tusimsifu yeye kwa ajili ya andiko. Sadaka ya mwenye kiburi yaweza kuliezeka kanisa, na mvua isipite. Lakini paa lile halimfuniki yeye mbele za Mungu. Naye ahitaji toba na neema kama sisi sote.