Kitu cha Bure Kinalipwa na Nani?



Kuna neno moja linalopendwa na watu wote, wakubwa kwa wadogo: neno BURE. Likitajwa sokoni, kila mtu anageuka. Siku hizi neno hilo limeingia katika telefone zetu. Tunaandikiana bure, tunatafuta habari bure, tunaweka picha za ndoa na za watoto wetu mahali tusipopajua, tena bure. Wengi wanashukuru, wala hawaulizi zaidi.

Lakini mtu mwenye akili hana budi kuuliza. Mashini zinazotunza picha hizo zinakula umeme mchana na usiku. Mafundi wanaoziangalia wanataka mshahara. Nyumba zinamowekwa zina bei, na nyaya vilevile. Basi, ikiwa sisi hatulipi, ni nani anayelipa? Na huyo anayelipa anatafuta nini kwetu? Hilo ndilo swali tunalotaka kulichungua. Si swali la mafundi peke yao. Ni swali la haki, kwa maana popote watu wanapopeana na kupokea, pana haki au pana udhalimu.

Duka dogo la mtu mmoja

Maciej Cegłowski ni mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi yake Marekani. Ni mtunzi wa programu za kompyuta. Mwaka 2009 alianzisha kazi inayoitwa Pinboard. Kuieleza si vigumu: mtu akisoma ukurasa mzuri kwenye intaneti na kutaka kuuona tena siku nyingine, anauandikisha pale pamoja na maneno machache ya kumkumbusha. Ni kama daftari la msomaji, ila halikai mezani kwake, linakaa katika mashini za Cegłowski.

Jambo lililowashangaza watu ni kwamba tangu mwanzo alidai malipo. Wakati ule kampuni changa nyingi za namna hiyo zilijitangaza kwa neno bure. Yeye aliweka ada ya kuingia, dola chache tu, na kila mtu mpya alipoingia, ada ilipanda kidogo sana kwa yule anayemfuata. Baadaye akaweka ada ya mwaka. Hakutafuta fedha za wenye mitaji, wala hakuajiri kundi la wafanyakazi. Alitumia programu za zamani kama PHP na MySQL, zinazojulikana na mafundi wengi, kwa sababu kitu kilichozoeleka kikiharibika, watu wanajua namna ya kukitengeneza. Haba na haba hujaza kibaba: ada hizo ndogo zilimpatia riziki.

Kabla ya Pinboard ilikuwapo Delicious, iliyofanya kazi ileile, nayo ilikuwa ya bure. Joshua Schachter aliianzisha mwaka 2003, na mwaka 2005 kampuni kubwa ya Yahoo ikainunua. Mwezi wa Desemba 2010 habari za ndani za Yahoo zilivuja: jina la Delicious lilionekana kati ya kazi zilizokusudiwa kufungwa. Watu waliokuwa wameweka humo kumbukumbu za miaka mingi walishtuka, na wengi wakakimbilia kwa Cegłowski, ada mkononi. Delicious ikauzwa, ikauzwa tena. Mwisho, mwaka 2017, Cegłowski mwenyewe aliinunua kwa dola 35,000. Hivi yule mdogo aliyedai malipo ndiye aliyebaki kulinda mabaki ya yule mkubwa aliyetoa bure.

Mwaka 2011 Cegłowski aliandika makala ya kuwaonya watu wasipende kutumia vitu vya bure. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii. Mahali panapolipwa, kila mtu mpya anaongeza nguvu. Mahali pa bure, kila mtu mpya anaongeza gharama, wala haleti kitu. Kwa hiyo kazi ya bure ikipendwa sana, inazidi kuwa mzigo kwa mwenyewe. Atafanya nini? Ataitafutia mnunuzi, au atawauza walioingia humo kwa watangazaji, au ataifunga. Wale waliopenda hawataulizwa, maana hawakufanya patano lolote.

Tusidhani kwamba ni mambo ya Delicious tu. Mwaka 1999 Yahoo ilinunua GeoCities, ambapo watu wa kawaida walijijengea kurasa zao bure; mwaka 2009 ikafungwa Marekani. Mwaka 2013 Google ilifunga Google Reader. Mwaka 2019 Myspace ilitangaza kwamba nyimbo na picha zilizowekwa kwake kwa miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha mashini. Fikirini waimbaji waliokuwa hawana nakala nyingine.

Habari ya dola moja

Labda msomaji atasema: hayo ni mambo ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Basi tuangalie kitu kilicho mikononi mwetu, yaani WhatsApp.

Jan Koum na Brian Acton waliianzisha mwaka 2009. Hawakutaka matangazo, na mwaka 2012 waliandika waziwazi sababu zao. Walipanga mtu alipe dola moja kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, ingawa si wote waliodaiwa. Mwaka 2014 Facebook iliwanunua kwa bei iliyotangazwa ya dola miliari 19, maana yake milioni 19,000. WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 tu. Mwezi wa Januari 2016 ile dola moja ikaondolewa. Watu walifurahi. Lakini mwezi wa Agosti mwaka uleule ilitangazwa kwamba habari fulani za watumiaji, kama namba za telefone, zitapelekwa kwa Facebook. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110, kwa sababu wakati wa ununuzi ilikuwa imetoa maelezo yasiyo ya kweli juu ya kuunganisha hesabu za watumiaji. Acton aliondoka mwaka 2017, Koum mwaka 2018. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba matangazo yataingia katika sehemu moja ya WhatsApp.

Tuseme haki: maneno tunayoandikiana humo yamefungwa kwa ufunguo, hata kampuni yenyewe isiweze kuyasoma, tangu mwaka 2016. Hatumshtaki mtu kwa uongo. Lakini tazameni mpango wa mambo. Dola moja ilikuwa patano: mimi nakulipa, wewe unanitumikia. Dola ilipoondolewa, patano lilikwisha, bali gharama haikukwisha. Ilihamia mahali pengine, na huyo anayeilipa sasa ndiye anayesikilizwa.

Anayelipa zaidi ni maskini

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa zaidi. Mwaka 2015 Cegłowski alitoa hotuba huko Sydney, Australia, juu ya unene wa kurasa za intaneti. Alionyesha kwamba kurasa zenye maneno machache tu zimekuwa nzito kuliko riwaya nene za Warusi. Uzito huo unatoka wapi? Sehemu kubwa ni picha zisizo na faida, matangazo, na programu ndogondogo za kumpeleleza msomaji: amesoma nini, amekaa kwa muda gani, amekwenda wapi baadaye.

Kwa tajiri wa mjini Ulaya, ambaye intaneti yake haipimwi, uzito huo ni usumbufu tu. Lakini hapa kwetu mtu ananunua mega kwa mkono wake, leo kidogo, kesho kidogo. Ukurasa mzito ukifunguka, mega zinakwisha. Mwanafunzi alitaka kusoma habari moja; amelipia pia tangazo ambalo hakuliomba, na mpelelezi asiyemwona. Hivi kitu kilichoitwa bure kimemla yule asiye na kitu. Wazee walisema: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Lakini huyu mwanafunzi hakula cha mtu. Chake kimeliwa hata hivyo.

Mwaka huohuo, huko New York, Cegłowski alifananisha habari za watu zinazokusanywa hivyo na takataka za mitambo ya nyuklia: ni rahisi kuzitoa, ni vigumu kuzilinda, na hatari yake inadumu miaka mingi baada ya aliyezikusanya kuondoka. Mfano huo ni mkali, lakini tunauona kuwa wa kweli. Jina, namba na safari za mtu zikiisha kuandikwa, hakuna ajuaye serikali gani au mwizi gani atazisoma baada ya miaka ishirini.

Tutofautishe

Hapa mtu anaweza kutupinga: «Je, mnataka maskini wakose? Mama anayemtumia mwanawe neno kutoka kijijini mpaka Lubumbashi, atapata wapi dola? Na hata akiipata, atailipaje, yeye asiye na karatasi ya benki?» Pingamizi hili ni la haki, wala hatuwezi kulipita mbio. Huyo mama hana kosa lolote. Lakini neno bure lina maana tatu, na kuzichanganya ndiko kunakotupoteza.

Kwanza kuna zawadi. Mtoaji anataka mema ya anayepokea, basi. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, haina matangazo. Inaishi kwa michango ya watu na kwa kazi ya waandishi wasiolipwa. Acton naye, baada ya kuondoka Facebook, alitoa dola milioni 50 mwaka 2018 kuanzisha shirika linaloangalia Signal, njia nyingine ya kuandikiana bila matangazo. Zawadi ya namna hiyo haimdhulumu maskini, inamheshimu.

Pili kuna kitu cha wote, kama kisima kilichochimbwa kwa mikono ya kijiji kizima. Anayechota halipi wakati wa kuchota, lakini kijiji kimekwisha kulipa, nacho ndicho kinachokilinda.

Tatu kuna chambo. Mvuvi hamchukii samaki; anampa chakula. Ila chakula hicho hakikutolewa kwa ajili ya samaki.

Kwa macho, hizo tatu zinafanana. Zinatofautika kwa kusudi. Ndiyo sababu haitoshi kuuliza: «Bei gani?» Yafaa kuuliza: «Kwa faida ya nani?»

Kuna pingamizi jingine. Je, kulipa kunatuhakikishia kwamba tutatumikiwa vizuri? Hapana. Pinboard yenyewe inamtegemea mtu mmoja, na katika miaka ya karibuni baadhi ya wanaolipa wamelalamika kwamba matengenezo yanachelewa. Mtu mmoja anaugua, anachoka, anapenda kazi nyingine. Lakini angalieni: hao wanalalamika kwa sababu wana haki ya kulalamika. Aliyelipa anaweza kusema: «Patano letu liko wapi?» Aliyepewa chambo atasema nini? Bei ya haki haimfungi mnunuzi peke yake. Inamfunga na muuzaji. Ni kamba yenye ncha mbili, na kila mmoja ameshika yake. Hiyo ndiyo heshima iliyofichika katika malipo madogo: yanamfanya maskini kuwa mtu wa patano, si kitu cha kuuzwa.

Na kwa vijana wenye hamu ya kuanzisha kazi, kuna fundisho tena. Mwishoni mwa mwaka 2012 Cegłowski alitangaza kwamba atasaidia kazi changa sita kwa mtaji wa dola 37 kila moja. Wengi walicheka, na kweli palikuwa na mzaha ndani yake. Lakini mzaha ulibeba neno zito: kazi nyingi hazihitaji mamilioni ya mtu mwingine ili kuanza. Zinahitaji kitu chenye faida, na watu walio tayari kukilipia. Anayeanza na mamilioni ya kukopeshwa matumaini hana budi kukua upesi kama moto wa nyasi, hata kama watu wake walihitaji taa tu.

Tufanye nini?

Hatusemi kila mtu atupe telefone yake. Tunasema mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kukabidhi kitu cha thamani, tuulize nani analipa na kwa faida ya nani. Jibu lisipopatikana, tukabidhi kidogo.

Pili, tutunze nakala. Kwaya inayoweka nyimbo zake mahali pamoja tu, jamaa inayoweka picha za marehemu katika telefone tu, inaweka urithi wake chini ya dari la mtu mwingine. Waliohama Delicious mwaka 2010 waliokoka kwa sababu waliweza kutoka na orodha zao.

Tatu, tunapoweza kulipa kidogo kwa kazi njema, tulipe bila kunung'unika. Tusiwaze kwamba mjanja ni yule asiyelipa kamwe. Fundi anayelipwa na sisi anatutazama sisi. Fundi anayelipwa na mwingine atamtazama huyo mwingine, hata akitutabasamia.

Basi, ndugu msomaji, kesho ukiona tena neno bure katika telefone yako, usikimbie, wala usiogope. Simama kidogo, ukaulize kama muulizavyo sokoni: hiki kimetoka wapi, na aliyekileta anataka nini?