Sarafu isiyowahi kununua mkate

NDUGU yetu mmoja, mzaliwa wa hapa pwani aliyehamia Marekani miaka mingi iliyopita, aliniandikia kuniuliza swali la zaka. Yeye anakusanya dola za zamani za fedha. Anazo kumi na moja, kila moja imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na hata watoto wake hawaruhusiwi kuzigusa. Swali lake lilikuwa fupi: "Ustadh, je, hizi zina zaka?"

Mimi si mufti. Lakini swali lile lilinifikirisha zaidi ya alivyokusudia muulizaji.

Kwanza tuzielewe sarafu zenyewe. Dola hizo huitwa Morgan, kwa jina la mchoraji wake, George Morgan. Zilitengenezwa kuanzia mwaka 1878 hadi 1904, kisha tena mwaka 1921, ukiacha zile za ukumbusho zilizoanza kutolewa mwaka 2021. Moja ina uzito wa gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni fedha, yaani kama gramu 24.

Ajabu ni kuwa wananchi hawakuzihitaji sana. Sheria ya mwaka 1878 iliilazimisha serikali ya Marekani kununua fedha ya mamilioni ya dola kila mwezi na kuifanya sarafu, jambo lililowafurahisha wenye migodi. Watu waliziona nzito mfukoni, wakapendelea noti. Basi zikatiwa kwenye magunia, sarafu 1,000 kila gunia, zikalala gizani katika hazina ya serikali. Kwa sheria ya mwaka 1918, zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa.

Zilizosalia leo hupewa madaraja kuanzia 1 hadi 70. Kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazijawahi kutumika. Mtaalamu huzikagua kwa lenzi, akitafuta hata mkwaruzo wa kugongana na nyingine ndani ya gunia. Ukiifuta kwa kitambaa ing'ae, umeiharibu.

Mwaka 1893 zilitengenezwa 100,000 tu huko San Francisco. Zile zilizochakaa kwa kutumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini mwaka 2021, moja ya daraja la 67 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka ni ule ule na madini ni yale yale. Tofauti ni kwamba moja ilifanya kazi, ilinunua mkate na kulipa vibarua mpaka sura yake ikafutika, na nyingine haikumfaa mtu yeyote.

Ndugu msomaji, katika Kiswahili chetu fedha ni madini, na fedha ni pesa. Jina moja limebeba vyote viwili. Imam Ghazali katika Ihyaa alieleza kuwa dhahabu na fedha ziliumbwa zizunguke mikononi mwa watu, ziwe mwamuzi wa thamani ya vitu. Mwenye kuzilimbikiza akamfananisha na mtu aliyemfunga kadhi gerezani, watu wakakosa wa kuwahukumia. Sijui angesema nini leo kama angemkuta kadhi ndani ya kasha la plastiki!

Sasa turudi kwenye zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi wanazikadiria kuwa gramu 595. Dola 25 za Morgan zinaifikia. Kumi na moja za ndugu yetu zina kama gramu 265. Kwa mizani peke yake, hata yule aliyenunua sarafu moja kwa milioni 2 ana gramu 24 tu. Mizani inamwita maskini!

Hapana shaka mtu hawezi kujificha nyuma ya mizani. Akiwa amezinunua ili aziuze kwa faida, hizo ni mali ya biashara. Zitathaminiwa kwa bei ya soko, zijumlishwe na akiba yake nyingine, na atoe moja ya arobaini. Kwa hiyo jambo linarudi kwenye nia: alizinunua kwa ajili gani? Jibu analo yeye na Mola wake.

Na bei yenyewe ni kitu dhaifu. Dola ya New Orleans ya mwaka 1903 ilihesabiwa kuwa adimu mno, hata orodha za bei zikaitaja kwa dola 1,500. Mwishoni mwa mwaka 1962 hazina ilitoa magunia yaliyosahauliwa, zikamwagika kwa maelfu, na bei ikaanguka. Sarafu ya aliyekuwa nayo haikupungua hata chembe. Kilichopotea ni kule wenzake kukosa, na kumbe hicho ndicho alichokilipia.

Wakusanyaji nao wana hoja, na tusiwadhulumu. Mtunzaji huhifadhi elimu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, zenye majina ya watawala Waislamu kwa maandishi ya Kiarabu. Kwa hizo tunajua kuwa pwani hii ilikuwa na sarafu zake karne nyingi kabla ya Mreno. Lakini zimetufaa baada ya kufukuliwa na kusomwa. Aliyezifukia hakurudi kuzichukua, na hata jina lake hatulijui.

Nilimjibu ndugu yangu hivi: zithamini kwa bei ya soko, utoe zaka, moyo wako utulie. Kisha chagua moja, itoe kwenye kasha, uwape watoto waishike huku ukiwasimulia habari zake. Itashuka daraja, ndiyo. Lakini sisi wenyewe siku moja tutawekwa kwenye mizani, na huko hatutaulizwa tulibaki tunang'aa kiasi gani. Tutaulizwa tulitumika wapi.

Wallahu a'lam.