Kidonda cha ndugu yako ni amana, tumsikilize muuguzi



Sahaba Jabir (R.A.) amesimulia, katika Sunan ya Abu Daud, kuwa walikuwa safarini, mwenzao akapigwa jiwe likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake iwapo ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu hana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwalaumu vikali kuwa wamemuua. Kwa nini hawakuuliza, ilhali hawajui?

Je, sisi tumesalimika na lawama hiyo? Mgonjwa wa moyo anapasuliwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi anamfundisha: anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda, asipake kitu ambacho hakuandikiwa, asibebe mzigo mzito, kwani mfupa wa kifua uliokatwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Akiona usaha, akipata homa, au akihisi mfupa unacheza, awahi hospitali.

Akifika nyumbani, sisi tunageuka mamufti. Huyu analeta unga wa mizizi. Yule anamwambia aache vidonge. Mwingine anamwita karashani akabebe viroba vya mawe, eti mwanaume hakai bure. Wapo hata wanaomlaumu kwa kuswali amekaa, wakati sheria imempa ruhusa hiyo, na ya kupangusa maji juu ya bandeji.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale ukakata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) alimwekea hema msikitini ili amtembelee kwa karibu. Wanahistoria wanasema hema hilo lilikuwa la Bi Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiuguza majeruhi. Baadaye kidonda kilifumuka, Saad akafariki. Lakini hakutelekezwa.

Basi msikiti wa Mtume ulibeba jukumu la kidonda. Misikiti yetu je? Wauguzi tunao safuni, wake kwa waume. Kamati ziwaombe wawatembelee wagonjwa hawa, na sadaka ya Ijumaa itenge nauli ya kurudi kliniki. Tusiishie kusema "pole" mlangoni.

Na tusipojua, tuulize.

Wabillahi tawfiq.