Hofu Haifukuzwi kwa Kelele

Fungu la Kukariri: 1 Yohana 4:18.

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 3:8–10, Kutoka 20:18–21, Luka 2:8–16, 1 Yohana 4:16–19, Isaya 11:6–9.

Mara nyingi Biblia inapomwambia mtu asiogope, haiishii hapo. Inampa sababu. Soma Yoshua 1:9, Isaya 41:10 na Mathayo 14:27. Yoshua anaahidiwa kwamba Bwana atakuwa pamoja naye kila aendako. Israeli wanapewa ahadi kama hiyo. Wanafunzi, usiku katikati ya ziwa, wanaisikia sauti ya Yesu akijitambulisha kwao. Katika mafungu yote matatu, hofu inajibiwa kwa ukaribu.

Jambo hili huonekana wazi kwa watoto. Katika vitongoji vya miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, mbwa hafugwi kuwa pambo. Usiku hulinda nyumba, na shambani hufukuza nyani na nguruwe pori. Mbwa wa namna hiyo hambagui mtoto aliyetumwa dukani. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka sita aliyewahi kukimbizwa. Tangu siku hiyo anazunguka njia ndefu kwenda shule, na Sabato asubuhi hulia wakifika kwenye nyumba yenye mbwa. Mmoja anamkemea kwamba mtoto wa kiume haogopi. Mwingine anamcheka. Wa tatu anamkamata mkono na kumvuta amguse mbwa kwa nguvu. Hofu yake inaongezeka, na sasa anawaogopa na watu hao pia.

Kisha mjomba wake analeta kitoto cha mbwa kilichoachishwa kunyonya majuzi. Siku ya kwanza mtoto anachungulia akiwa nyuma ya mlango. Usiku anakisikia kikimlilia mama yake, na kwa mara ya kwanza anatambua kwamba mbwa naye huogopa. Siku ya tatu anakisogezea bakuli la uji kwa fimbo. Baada ya siku chache, kwa mkono. Mwezi haujaisha, kijibwa kinamsindikiza mpaka njia panda. Hakuna aliyemhubiria. Kile alichokiogopa kilikuja kwake kikiwa kidogo, kikakaa nyumbani mwake, na kikasubiri.

Wataalamu wameliona jambo hilohilo. Mwaka 1924, Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha habari za mtoto Peter, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu na aliogopa sungura. Mtoto alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliletwa akiwa ndani ya kizimba, kila mara akisogezwa karibu kidogo zaidi. Mwishowe Peter alimwacha amtafune vidole taratibu. Nako Morogoro kwenyewe, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kabla ya mafunzo hayo, panya wachanga waliokwisha kufumbua macho hubebwa mikononi mwa walimu wao ili wawazoee binadamu. Kiumbe hujifunza kuamini kwa kukaribiwa kwa upole.

Soma tena Kutoka 20:18–21. Penye ngurumo, umeme na moshi wa Sinai, watu walitetemeka wakasimama mbali. Walimwomba Musa aseme nao yeye, ili Mungu asiseme nao. Hofu hiyo ilianza Edeni, pale Adamu alipoisikia sauti ya Mungu akajificha. Sasa linganisha na Luka 2. Wachungaji walipozungukwa na utukufu wa Bwana waliingiwa na hofu kuu. Ishara waliyopewa ilikuwa nini? Mtoto mchanga, amevikwa nguo za kitoto, amelala horini. Watu waliotetemeka mbele ya utukufu wakaenda kwa haraka mpaka horini. Yule aliyenena Sinai hakupungukiwa na uungu wake Bethlehemu, lakini alikuja akiwa mdogo kiasi kwamba mwenye hofu angeweza kumsogelea.

Je, hofu yote ni mbaya? Hapana. Kichaa cha mbwa huua, na dalili zake zikishaanza ni vigumu sana mtu kupona. Kwa hiyo mzazi mwenye upendo hupeleka kijibwa kikachanjwe. Humfundisha mtoto asimguse mbwa asiyemjua wala kumsumbua mbwa anayekula. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa ili apewe chanjo. Katika Kutoka 20:20, Musa aliwaambia watu wasiogope, na papo hapo akawaambia kwamba kumcha Mungu kutawazuia wasitende dhambi. Upendo huondoa hofu inayomkimbiza mtu, heshima inabaki.

Wako watu katika makanisa yetu wanaosimama mbali kama Israeli. Mmoja alilelewa na baba mkali, na kila asikiapo neno “Baba” katika sala, moyo wake unajikunja. Mwingine aliondolewa ushirika miaka mingi iliyopita. Sabato hufika mpaka getini, akasikiliza wimbo, akarudi nyumbani. Kumkemea hakutamwingiza. Huenda kitakachomwingiza ni jambo dogo: kumtembelea katikati ya juma, kula naye, kuomba naye bila kumuuliza alikuwa wapi. Nabii Isaya anaiona siku ambayo mtoto atacheza penye tundu la nyoka wala hatadhuriwa. Wanaoingoja siku hiyo waanze sasa kuwa watu wasioogopwa na wanyonge.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni njia zipi tatu ambazo watu wazima walitumia kumwondolea mtoto hofu? Ni ipi kati ya hizo ambayo kanisa lenu huitumia kwa waliorudi nyuma?

2. Kwa nini Mungu hakuacha ufunuo wake uishie Sinai? Tungepungukiwa na nini kama tungekuwa na Bethlehemu bila Sinai?

3. Mtaje moyoni mtu mmoja anayesimama mbali. Ni hatua gani ndogo utakayoichukua kumwelekea juma hili?