Nyama Chini ya Tandiko

Kwa Kiswahili wanaitwa Wahunni, kwa n mbili. Ukidondosha n moja tu wanakuwa wahuni, na kesi imekwisha kabla haijasikizwa. Nilicheka nilipoliona hilo mara ya kwanza. Halafu nikasoma alichoandika Ammianus Marcellinus kuwahusu, nikaona yeye hata hakuhitaji kosa la tahajia.

Ammianus alikuwa Mgiriki, askari mstaafu, aliyeandika historia ya Roma kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4. Vitabu 31, na 13 vya kwanza vimepotea. Katika kile cha mwisho anawafikia Wahunni. Ati wanawachanja watoto mashavu kwa chuma ili ndevu zisiote. Wanavaa ngozi za panya wa porini zilizoshonwa pamoja. Nyumba hawana. Kupika hawapiki: wanakula mizizi, na nyama nusu mbichi waliyoipasha joto kati ya mapaja yao na mgongo wa farasi. Ukiwatazama, anasema, utadhani ni wanyama wa miguu miwili.

Hakuna dalili kwamba aliwahi kukaa na Mhunni hata mmoja. Na wanaakiolojia wamefukua masufuria yao ya shaba. Moja, lililopatikana Törtel kule Hungary, lina kimo cha karibu sentimita 90. Watu wasiopika, bana, na sufuria la kulisha harusi nzima.

Mimi ni wa Kericho, na habari hii haikunijia kama ya mbali. Sisi Wakipsigis, kwenye karatasi za serikali ya mkoloni, tulikuwa Walumbwa. Neno si letu. Waingereza walilipata kwa Wamaasai, waliolitumia kwa dharau kwa watu wa jembe. Likaandikwa kwenye ramani, likabandikwa kwenye stesheni ya reli, ile ambayo leo ni Kipkelion. Hebu fikiria kukata tikiti ya kwenda mahali ambapo jina lake ni tusi lako. Mwaka 1905 jeshi lilitumwa Sotik, watu wakauawa na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ambao wakoloni waliwaita wachawi wachochezi, ulipakiwa ukapelekwa Gwassi, kwenye mbung'o na malaria. Majani chai yakazidi kupandwa. Sisemi jina ndilo lililofyatua risasi. Nasema ripoti ya maiti huandikika kwa wepesi zaidi ukishawaita watu hivyo.

Ningependa kuishia hapo, Ammianus akiwa mwongo na sisi tukiwa watu wa kuonewa. Tatizo ni kwamba hakuwa mjinga, wala hakuwa mwoga wa ukweli. Katika kitabu kilekile cha 31 anaeleza jinsi Wagothi, wakiwakimbia Wahunni, walivyoruhusiwa kuvuka mto Danube mwaka 376, na jinsi maofisa wa Roma, Lupicinus na Maximus, walivyowauzia mbwa wawale. Bei ya mbwa mmoja ilikuwa mtu mmoja wa kutiwa utumwani, na waliotolewa walikuwa hata watoto wa wakuu wao. Hilo analiandika kwa kuchukizwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Agosti 378, Mfalme Valens aliuawa vitani Adrianople, na Ammianus hafichi upumbavu wa Valens mwenyewe. Dhambi za nyumbani alizipima vizuri. Ila kwa wale waliomtia hofu, uvumi ulimtosha.

Alikosa nini? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa: hakula nao. Mwaka 449 Priscus, Mgiriki mwingine, alikwenda na wajumbe hadi kwa Attila, akaketi karamuni. Akaona wageni wakiandaliwa kwenye vyombo vya fedha huku Attila akila nyama kwenye sahani ya mti. Huyo anaandika kuhusu watu. Hata kwetu, mlowezi Ian Orchardson aliishi nasi miaka mingi, akajifunza lugha, akaoa kwetu, na kitabu chake kinatuita Wakipsigis. Basi sogea karibu, onja chakula, dharau itakufa. Si ndiyo?

Januari 2008 nilikuwa naingia darasa la nne. Niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alikuwa Mkisii, wazazi wake wachuma chai. Nilikuwa nikipita kwao kambini baada ya shule, mama yake ananipakulia ugali na mboga wanayoiita chinsaga, sisi isagek. Ni mboga ileile, uchungu uleule. Kisha uchaguzi ukaharibika, neno "madoadoa" likaanza kuzunguka, na vijana wakubwa barabarani wakasema Wakisii wote ni wachawi. Nililibeba hilo hadi jikoni kwa kogo, nyanya yangu, kama habari mpya ya mjini.

Alikuwa akisugua kibuyu cha mursik kwa kijiti chenye mkaa. Hakuinua uso.

"Umekula kwao mara ngapi?"

"Nyingi, kogo."

"Uliugua?"

"Hapana."

Akaendelea kusugua. Na mimi, kesho yake, nikalirudia neno lilelile mbele ya wenzangu, kwa sauti zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa akilisema na niliogopa kuwa wa pekee asiyelisema. Ammianus ana kisingizio ambacho mimi sina. Yeye hakuonja. Mimi nilionja, nikaomba niongezewe.

Waliondoka wiki hiyo kwa lori, wakisindikizwa na polisi. Shule ilipofunguliwa nilikalia katikati ya dawati, mwalimu akaniambia nisogee pembeni, huenda akaja mwingine.